Sambaza zangu za festivali

Leo ku festivali nimecheza ngoma ya kabila ya Bashi, nikashinda vijana wote.

Bon, nimedanganya. Nilicheza kidogo tu, magoti ikakatala.

Lakini mbele niingie mu ngoma, niliachia jirani yangu Maman Furaha sahani yangu ya bugali na sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, anichungie. Nikamupa na mikono mbili, kwa heshima.

Kurudi, sahani iko nyeupe, hakuna kitu.

"Maman, sambaza yangu iko wapi?"

"Muzee, kitu mutu anapana na mikono mbili iko zawadi. Nimegawia watu wote wa benchi yetu."

Na benchi yote, midomo ya mafuta, wakaniambia aksanti.

Heshima imeniachia njaa. Nyinyi mungefanya nini?

Maman Furaha, najua unasoma. Kesho unipikie ingine, na unipe na mikono mbili.