Mama Aliponiambia Haumwi

Mama yangu alipasuliwa tumbo, na kwa siku tatu akasema hasikii maumivu hata chembe. Mimi mtoto wake nikashangilia. Mjinga kweli kweli.

Kazi yangu ni kulaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji. Wakati huo tulikuwa tunalinganisha sindano mbili za kutia ganzi tumbo, mtu akiamka asiteseke: ya ubavuni na ya mgongoni.

Mkuu wangu aliipenda ya mgongoni. Mimi niliitetea ya ubavuni kufa na kupona. Hata nyumbani nilimchosha mama kwa hadithi hizo.

Utumbo wake ulipojisokota, ukakatwa kipande na kuungwa. Sindano nikamchoma mwenyewe, ubavu huu na huu.

Jioni nikamuuliza, "Mama, toka sifuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani?"

"Sifuri, baba."

Mkuu alikuwa pale. "Bahati tu hiyo," akasema, akaondoka. Mama akamsindikiza kwa jicho kali.

Kesho yake, sifuri. Keshokutwa, sifuri.

Hapo ndipo nilipochemka. Dawa ile huisha nguvu ndani ya siku moja, na mshono wa tumbo ukibaki bila ganzi lazima uume. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeshtuka. Mimi nikampigia mkuu simu: "Bosi, umeyaona mambo?"

Siku ya nne tumbo likawa gumu kama ubao. Utumbo ulikuwa umeachia pale ulipoungwa, uchafu umesambaa. Wakamrudisha chumba cha upasuaji. Hakuamka.

Nilipokwenda kukusanya nguo zake, bibi wa kitanda cha jirani akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Ukitoka tu, mama yako alikuwa anang'ata shuka. Nikisema niite nesi, ananikemea: 'Nyamaza wee! Yule mkubwa wao anatafuta pa kumuumbua mwanangu. Nikisema naumwa, wataambiana sindano yake mbovu.'"

Jamani. Nilikaa chini palepale sakafuni, nikalia mbele ya wodi nzima.

Mwezi uliopita tulimaliza kulinganisha. Kwa wagonjwa wetu, sindano zote mbili zilikuwa sawa tu.

Wewe unayesoma, mzazi wako akilazwa, mwache mtu baki amuulize maumivu. Kwako atasema uongo kwa mapenzi, na wewe utaufurahia. Mimi nimelijua hilo vizuri sasa, na sina mama wa kumfanyia hivyo.