Vyombo Vyote Napiga Mwenyewe

Watu wakitaka kunisifu husema, "Huyu bwana anapiga kila kitu." Nacheka, nashukuru, na moyoni nakereka. Hawaulizi nilijifunzaje. Besi niliipata mpiga besi wetu alipolala na malaria wiki tatu. Dramu nilizikalia mwenye dramu alipokwenda kumzika baba yake Itigi. Saksafoni hivyohivyo, kinanda hivyohivyo. Tarumbeta pekee ndiyo niliyofundishwa kwa utaratibu, kanisani kule Ilongero, nikiwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Vingine vyote nilivipata kwa kuwa mwenyewe hayupo, na mwenyewe aliporudi nilimpisha kiti, ila vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea.

Bendi ilikuwa ya shirika la umma pale Singida mjini. Tulikuwa waajiriwa kama makarani, tuna sare, tuna likizo. Halafu likaja vuguvugu la kubinafsisha, shirika likauzwa, na mnunuzi, mtu mwenye adabu zake, akatueleza kwamba yeye amenunua maghala na mashine, muziki hauhitaji. Vyombo tukagawana. Kila mtu alichukua alichozoea kupiga. Mimi nikaachiwa kinanda kwa sababu hakuna aliyekitaka. Ndicho kilichonilisha. Kilikuwa na kitufe cha dramu, kitufe cha besi, kitufe cha filimbi. Kwenye harusi za Utemini nilisimama peke yangu mahali ambapo zamani tulisimama watu saba, na wenye shughuli walifurahi kwa kuwa sahani za wanamuziki zilipungua.

Niliyemwonea aibu hasa ni mpiga gitaa la solo. Tulipanga chumba kimoja tukiwa makapera, na alipooa nilimsimamia. Yeye alijua gitaa tu. Ukimpa chombo kingine alikishika kama mwanamume aliyepakatishwa kichanga cha jirani. Bendi ilipokufa alirudi kwao Iguguno, akawa anaendesha mashine ya kukamua alizeti ya shemeji yake. Gitaa alilipiga kazi ikiisha, mikono ikinuka mafuta.

Basi akaja mwongozaji filamu kutoka Dar es Salaam, kijana aliyekwisha kutoa kanda mbili tatu za video. Alitaka kupiga picha kwenye mawe yetu makubwa na kando ya ziwa, na alikuwa amesikia habari zangu harusini. Akaniita nyumba ya wageni alikofikia. Nikampelekea ujumbe rafiki yangu: njoo na gitaa, kuna kazi. Alifika na basi la asubuhi, amevaa shati la bendi, limepigwa pasi. Nikamwambia akae kwenye benchi la nje, mimi nitangulie kuzungumza, kisha nimwite.

"Muziki wote unaweza kunifanyia, mzee?" mwongozaji aliniuliza.

"Naweza."

"Na gitaa? Hadithi hii inataka gitaa."

"Napiga."

"Peke yako? Maana sitaki kundi la watu, watanivuruga."

Nikasema peke yangu. Tangu hapo nimejitungia sababu nyingi: kwamba angetufukuza wote wawili, kwamba nilipanga kumwingiza baadaye. Uongo. Niliogopa kuwa mmoja kati ya wawili, basi. Nikatoka nje nikamwambia rafiki yangu, "Gitaa hawalitaki, kaka. Wanataka kinanda tu."

"Hamna neno," akasema. "Madhali wewe umepata." Akaninunulia soda ya kunipongeza, akarudi zake Iguguno.

Sikuwa na televisheni. Filamu, ikiwa bado haina muziki, niliitazama kwenye banda la video, asubuhi kabla ya wateja, mwenye banda akiurudisha mkanda nyuma huku akinung'unika kwamba nitamuulia deki. Nilipima kwa mguu. Mwanamke anaamka, mapigo kumi na mawili. Anafika mlangoni, manane. Anageuka kutazama nyumba, hapo muziki unyamaze. Nikirudi nyumbani napiga kwa kukumbuka. Kazi ile niliipenda kuliko zote nilizowahi kufanya, na hilo nalo linaniuma.

Palikuwa na mahali mwanamke anaondoka kwa mumewe na kifurushi kichwani, bila kusema neno. Nilipiga gitaa la kuazima siku nne, kila ninachopiga kikavu. Siku ya tano nikaacha kutafuta changu, nikapiga kama anavyopiga yeye, polepole, akichelewa kidogo kila anapopanda juu. Kikakubali mara moja.

Filamu ilipotoka, banda lilijaa. Jina langu lilipopita kwenye kioo, na chini yake "vyombo vyote", watu walipiga vigelegele. Nilinunuliwa chai na watu nisiowajua. Mwongozaji akapiga simu kwenye duka la jirani kuniambia kwamba wote wanaulizia lile gitaa.

Rafiki yangu aliiona Iguguno. Siku iliyofuata alikuwa nyumbani kwangu. Alimwamkia mama yangu shikamoo, akaulizia hali ya miguu yake, akanywa maji. Mama alipoingia ndani, akaniuliza, "Pale mwanamke anapoondoka na kifurushi, gitaa kapiga nani?"

"Mimi."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole chake kidogo hakikunjiki tangu utotoni, mnyororo wa jembe la ng'ombe ulikibana. "Mimi pale juu naruka noti moja kwa sababu kidole hiki hakifiki," akasema. "Siku zote naruka. Wewe chako kina nini?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Vidole vyangu vizima vyote kumi, na nilikuwa nimemwiga hadi kilema. Nikamweleza habari ya benchi bila kuficha kitu. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye alitazama kuku uani.

"Kuigwa sikatai," akasema mwishowe. "Ila mimi hawatanijua tena. Nikipiga popote watasema nimekuiga wewe."

Nikaapa. Filamu ya pili gitaa atapiga yeye, na nitamwambia mwongozaji mkono ule ni wa nani.

Ya pili ikaja baada ya mavuno. Safari hii mwongozaji alileta kompyuta, akageuza chumba cha nyumba ya wageni kuwa studio, magodoro madirishani. Nilikwenda na rafiki yangu. Nilimtambulisha kwa maneno haya: "Nimekuja na mpiga gitaa." Nilidhani yaliyobaki nitayasema akishapiga, mambo yatakapokuwa mepesi.

Alipiga kwa mtindo wake uleule. Mikono ilikuwa migumu kwa kazi ya mashine, na mahali pawili alisita, lakini kilikuwa chenyewe, na mimi ngozi ilinisisimka kama enzi za ukumbini. Mwongozaji akavua hedifoni.

"Si mbaya," akaniambia mimi, si yeye. "Anakuiga vizuri, mpaka ile ya kuruka. Lakini yako ni safi zaidi. Piga wewe, mzee."

Rafiki yangu akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu. Ilihitajika sentensi moja, na nilikuwa nayo tayari: mwigaji ni mimi. Nikamwona mwongozaji ameshaelekeza kidole kwenye kompyuta, nikaona jina langu kwenye kioo, nikaona watu wa banda wakicheka. Nikasema, "Haya, tujaribu."

Akavua mkanda wa gitaa shingoni, akanipa. Nilipokaa, sauti ikakatika. Waya ulikuwa umelegea pale unapoingia kwenye gitaa, ni yeye tu aliyejua namna ya kuukalisha. Akachuchumaa mbele yangu, akaubana kwa vidole viwili, sauti ikarudi. Mwongozaji akahesabu.

Nilipiga toka mwanzo hadi mwisho, na pale juu nikaruka. Muda wote huo rafiki yangu alikuwa magotini pangu ameshikilia waya, amebana pumzi isije ikasikika.