Skrini mpya za Candia

Leo betri ya mtu imekufa na mimi nikafurahi. Nisameheni.

Rafiki yangu Candia ameng'oa saa zote za mishale, zile za kusomea mwendo na urefu, kwenye kindege chake cha kurukia, akaweka skrini mbili zinazong'aa kama televisheni.
Kwenye kindege changu mimi, saa ya kuonyesha urefu wa angani lazima uigonge kwa kidole ndiyo mshale usogee.

Asubuhi akatuita uwanja wa ndege wa Arua tuzioshe kwa soda, yaani tunywe kuzisherehekea, kama tunavyoosha kila kitu kipya.
Akaziwasha. Watu wakaingia kupiga picha mmoja mmoja, na injini imezimwa!

Nilijua betri inanyonywa. Nikanyamaza, nikanywa soda yake.

Akataka kuruka mpaka Koboko, shemeji zake wamwone. Akajaribu kuwasha injini.
Kimya.

"Ndugu, betri yako iko? Saidia mimi."

Nikamwazima, meno yote nje.

Injini ikawaka. Akanipa boksi la shukrani:
"Saa zangu za zamani iko humu. Chukua tu, mimi sina kazi nayo."

Nilitaka kukataa, wallahi.

Jioni hii fundi ameshanifungia ile ya urefu. Haigongwi.

Takataka ya Candia ndiyo kitu kizuri kuliko vyote ndani ya kindege changu.
Nyinyi mngevumilia kuliacha lile boksi?