Zabibu Tulizoziosha

Mimi nimesoma darasa la pili tu, mnivumilie. Ilikuwa wakati wa ruksa, biashara huria ilipoanza, ushirika wetu wa zabibu huku njia ya Mvumi ulipoambiwa utafute mnunuzi wake wenyewe. Akapatikana bwana mmoja wa Dar es Salaam, anataka zabibu za kula, za daraja la juu. Zikimpendeza, atachukua kila msimu. Zisipompendeza, tubaki nazo zituozee.

Mwenyekiti wetu, rafiki wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekwenda mjini kwenye semina ya mnunuzi huyo. Aliporudi tukamuuliza wamefundishwa nini. Akasema, "Ya kawaida tu."

Sasa sisi Wagogo vumbi tunalijua. Kumpa mgeni tunda lenye vumbi ni kumtukana. Siku ya mnunuzi, alfajiri, wanawake tukateka maji kisimani. Kisima chenyewe foleni, niliwahi kupigana na mke mwenzangu pale, nikamng'ata mkono, lakini hayo tuyaache. Tukaosha kichala kimoja kimoja mpaka zabibu zikang'aa. Za mwenyekiti tu ndizo zilizokuja na vumbi lake.

"Shemeji, zako leo hazikunawa uso?" nikamtania.

"Nimechelewa kuamka, mama," akasema, akacheka na sisi.

Mnunuzi akafika, akainua kichala changu, akakigeuza. "Nani kaziosha? Hizi zitaoza kabla sijafika Morogoro. Kwenye semina si tuliwaambia msiziguse na maji?"

Akakataa kreti zote. Akapakia za mwenyekiti peke yake.

Maji yale! Tulibeba kichwani!

"Shemeji, ulijua?"

"Semina nilikwenda mimi. Zama zimebadilika, kila mtu na akili yake."

Nikamvua kofia, nikaikanyaga. Sijuti. Wakanishika, wakaniambia mwanamke mzima huna haya. Mimi ndiye sina haya!

Kwenye mkutano wanaume wakamchagua tena, eti ndiye anayejuana na mnunuzi. Wakapiga makofi, na wao zabibu zao zimewaozea vilevile. Nikarudi nyumbani, nikachukua jembe, nikang'oa mizabibu yote aliyoipanda mume wangu, nikapanda karanga. Wanangu wanasema niliharibu mali ya baba yao. Niliharibu, ndiyo. Lakini asiye na mizabibu si mwanachama, na yule shemeji hakuwa tena mwenyekiti wangu.