Mashini ya Bure Nyumbani kwa Wafugaji

Mwaka wa 2019, wakati wa kiangazi, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mjane wa miezi kumi. Baraza la ukoo wa marehemu mume wangu lilikuwa limepanga kwamba, siku ya kumaliza matanga, kompyuta yake ichukuliwe na mdogo wake ili aiuze Goma. Walisema imekufa. Ndani yake mlikuwamo barua zake zote na picha za ndoa yetu, wala hatukuwa na nakala kwenye karatasi.

Mimi ni binti wa wakulima wa Pinga, niliyeolewa huku Masisi kwa wafugaji. Nilianza shule nikiwa na miaka thelathini na tatu, na hilo silisemi kwa aibu. Jumanne, tarehe 9 Julai, mwalimu wangu wa kituo cha watu wazima alifika kwetu akiwa na kle, kile kijiti cha kubebea faili, mfukoni. Alieleza kwamba kilichokufa si kompyuta, bali mfumo wa kuiendesha, uliokuwa umenakiliwa kwa wizi na kujaa virusi. Alihifadhi barua na picha, kisha akaweka mfumo mwingine, unaotengenezwa na watu wa nchi nyingi na kutolewa bure. Picha ya kwanza ilipofunguka, niligeukia ukutani.

Mama mkwe hakutaka hata kuigusa.

"Bure ya nani?" aliuliza. "Ule mwenye alitoa, iko nani?"

"Ni watu wengi, Mama. Hawaombi kitu."

"Ngojea. Watakuja."

Shemeji, yule mdogo wa marehemu, alicheka. "Shemeki, mashini ya bure ni ya watu wa kuombaomba. Nani ataitaka mu saloni yake, pale pa kupokea wageni?"

Kwa majuma mawili nilihangaika na sura ya kompyuta ili imvutie mama mkwe: picha ya ng'ombe wa nyumbani, herufi kubwa, nyimbo za kanisa mbele kabisa. Hakuvutiwa. Kwetu Pinga, msituni, nyama ya mawindo ikishagawanywa, mambo yamekwisha. Nilichelewa kufahamu kwamba kwa wafugaji hawa, anayepewa ng'ombe hurudisha ndama. Hakuichukia mashini, aliogopa zawadi isiyo na mwenyewe.

Nikamwuliza mwalimu kama watu wale hupokea chochote. Alisema hupokea maneno yaliyotafsiriwa, kwa kuwa Kiswahili cha mfumo ule kilikuwa na mapengo mengi. Nilipomweleza mama mkwe, alivuta kiti.

"Soma ya kwanza."

Tulifanya kazi hiyo kila asubuhi baada ya kukamua, hadi mwisho wa Agosti. Mimi nilisoma Kifaransa, yeye alinikosoa Kiswahili. Neno langu la mahali pa kutupia faili alilikataa mara tatu.

"Hapana, mwana yangu, pale muntu atawaza ni choo!"

Mwalimu alituma daftari letu kwa mtandao, na watu wale wa mfumo wakajibu kwa shukrani. Siku hiyo mama mkwe aligusa kompyuta kwa mara ya kwanza, akaomba picha ya mwanawe.

Baraza lilikaa siku ya kumaliza matanga, Jumamosi, tarehe 28 Septemba, mvua zikiwa zimerudi. Shemeji alirudia hoja yake kwamba iuzwe Goma. Mama mkwe hakungoja wanaume wamalize.

"Ile mashini, mimi nafanya nayo kazi. Unataka kuninyanganya?"

"Wewe, Mama?"

"Mimi. Uliza neno yote yenye unataka."

Wazee wa ukoo walicheka hadi shemeji naye akacheka. Niliandika uamuzi wa baraza kwenye kompyuta yenyewe, kisha, kwa kuwa hatukuwa na printa, nikaunakili kwa mkono: kompyuta inabaki katika nyumba ya mjane. Wazee wawili walitia sahihi, shemeji akafuata, na mama mkwe akaweka kidole gumba. Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana.