Barnaba na Somo la Krismasi

Brightness alikuwa na watoto wanane, na wote waliofikia umri wa kusoma aliwafundisha mwenyewe nyumbani kwao ughaibuni, Uccle, kwenye meza ileile ya kulia chakula. Ikifika saa mbili asubuhi vikombe vya uji huondoka, madaftari yakaingia. Kwao Moshi alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka tisa, kwa hiyo akina mama wa kanisani walipomuuliza kama haogopi, aliwacheka. "Watoto wa watu nimewafundisha kusoma, wangu ndio watanishinda?" Alilisema hilo mara nyingi, na kila mara mbele za watu. Mdomo uliponza kichwa, kama wasemavyo.

Likizo ya Krismasi katika nyumba hiyo haikuwa na mapumziko. Kulikuwa na novena, sala za siku tisa, pango la Krismasi la kujenga kwa maboksi, maandazi mia mbili ya kupeleka kwenye nyumba ya wazee, nyimbo za kuwaimbia wazee haohao, na mavazi ya Mamajusi watatu yaliyotakiwa kutoka kwenye pazia moja kuukuu. Mumewe, Gaudens, alichukua likizo kazini akawa fundi wa pango. Na juu ya hayo yote kulikuwa na barua: tarehe kumi na nne Januari mkaguzi wa elimu angekuja kumpima mwanawe Barnaba, aliyetimiza miaka kumi. Angempa ukurasa wa Kifaransa asiowahi kuuona, asome na kueleza alichosoma. Akishindwa, huenda watoto wote wangeamriwa kwenda shule.

Barua hiyo haikumnyima mama usingizi. Barnaba ndiye aliyekuwa fahari yake. Ndiye hata aliyechaguliwa kusoma somo la kwanza katika misa ya Krismasi ya wasemao Kiswahili, kule mtaa wa Saint-Josse.

Jumamosi kabla ya sikukuu walipanda tramu wakaenda kanisani kwa mazoezi. Sasa, Krismasi ina misa zaidi ya moja, na kila moja ina somo lake. Nyumbani Barnaba alikuwa amefanyia mazoezi somo la usiku, lile la watu waliokaa gizani wakaona mwanga. Lakini padre alikuwa ameihamishia misa mchana, na somo la mchana ni jingine, la mleta habari njema ajaye kwa miguu milimani. Maman Kasoki, Mkongo anayewapanga wasomaji, akamfungulia kitabu kwenye somo la mchana. Barnaba akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akapaza sauti, kidole kikitembea taratibu, akasoma somo la usiku lote tangu mwanzo hadi "Neno la Bwana". Hakukosea hata neno moja.

Kasoki alimvuta Brightness pembeni.

"Maman Brightness, nikuambie kweli? Huyu mutoto hako anasoma. Eko anasema ile alishika mu kichwa."

"Hasomi? Amechanganya tu, dada. Ni woga."

"Bon. Umupe karatasi ingine, basi. Yoyote."

Brightness akachukua karatasi ya matangazo ya parokia, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kifaransa. Barnaba aliitazama kwa muda mrefu. Akaigeuza. Kisha akainua macho, akamtazama mama yake mdomoni, akisubiri aanze yeye.

Kwenye tramu ya kurudi, mama alilipata jibu. Nyumbani kwake kila kitu kilisemwa kwa pamoja: rozari, katekisimu, zaburi, jedwali la kuzidisha. Shekinah, binti mkubwa, husoma, wadogo huitikia. Mtoto mwenye sikio kali akisikia mara mbili amemaliza. Hata insha zake alizinakili kutoka kwa Shekinah, akichora herufi moja moja. Miaka mitano hakuna aliyemkalisha peke yake na ukurasa mpya, na asiyefanya hivyo alikuwa na cheti cha ualimu ukutani. Mganga hajigangi, ndiyo, lakini huyu hakuwa hata amejipima homa.

Basi zikaanza siku za mateso. Wengine wakipaka pango rangi, yeye alijifungia na Barnaba kwenye chumba cha kufulia, mashine ikinguruma, wakianza na ba, be, bi. Saa nzima, na neno "baba" likiandikwa mahali pengine halijui. Dan, mdogo wake mwenye miaka sita, aliingia kutafuta soksi, akasoma kwa sauti maandishi ya kwenye boksi la sabuni, akatoka zake. Barnaba akalia. Brightness naye akampigia kelele, kisha akaona aibu, kisha akapiga kelele tena.

"Mama, nisomee mara moja tu. Nitashika."

"Sitaki ushike! Nataka usome!"

"Mama Shekinah," Gaudens aliita kutoka sebuleni, "mnafanya nini humo?"

"Tunafua."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo pia alilijua, alikuwa akiwafundisha watoto methali kila Ijumaa.

Jumanne mchana Gaudens na watoto wengine walikwenda kuwaimbia wazee. Nyumba ikawa kimya. Simu ilikuwa mezani, na ilitosha tu ampigie Kasoki, aseme watafute msomaji mwingine. Aliifikiria parokia nzima, wale aliowacheka. Akaiacha simu. Akafungua somo la mchana, akamsomea mwanawe polepole. Akarudia. Barnaba akalishika lote, uso ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Ukifika hapa," mwalimu akasema, "geuza ukurasa."

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa hadi mlangoni. Barnaba alisoma kwa sauti tulivu, aligeuza ukurasa panapostahili, na watu waliitikia "Tumshukuru Mungu" kwa nguvu kuliko kawaida. Kasoki aliinamia rozari yake, hakumtazama mtu.

Nje ya kanisa akina mama walimzunguka Brightness. Mmoja alisema wa kwake ana miaka kumi na miwili na anasoma kwa kusuasua. Mwingine alitaka kujua kama anaweza kumpokea binti yake siku za Jumatano. Gaudens, mkono begani mwa mwanawe, alikuwa akimwambia kila mtu, "Siri mwulizeni mwalimu wake."

Barnaba akamvuta mama mkono. Alikuwa na furaha, na alisema kwa sauti ileile ya kanisani.

"Mama, na ule ukurasa wa mkaguzi, utanisomea lini niushike?"

"Ukurasa gani?" Gaudens aliuliza, bado akitabasamu.

Akina mama walikuwa wamesogea karibu, wakingoja kusikia siri.

"Hajui kusoma," Brightness alisema. "Hajui hata jina lake likiandikwa. Na mwalimu wake ni mimi."