Slaidi Zinazomaliza Chai

Ofisini walimwita Mama Chupa, kwa kuwa kwa miaka kumi na minne hawakumwona bila chupa ya chai mkononi. Kila mkutano alisimama nyuma kabisa, kando ya meza ya vikombe, mbali kuliko kiti chochote. Shule aliishia darasa la saba, lakini slaidi alizijua kuliko waliozitengeneza. Zikiwa nzuri, chai ilipoa kwenye chupa. Zikiwa mbaya, mikono ilianza kunyanyuka: "Mama, ongeza." Baadaye alipokusanya karatasi mezani alikuta zimechorwa samaki, viatu, na mara moja kichwa cha msemaji chenye pembe.

Aliyemaliza chai kuliko wote ni mkuu wa usafirishaji, ambaye wahudumu walimwita kwa siri Bwana Vishale. Slaidi yake moja ilibeba aya nne, nembo mbili za kampuni, na vishale vya kila rangi vikikimbizana mpaka macho yanauma. Kisha aliwapa watu mgongo na kusoma ukutani neno kwa neno.

Na chini ya mtu huyo ndipo binti wa Mama Chupa alipokuwa akimaliza miezi sita ya majaribio. Kampuni iliuza matangi ya maji ya plastiki, na mengi yalikuwa yakirudishwa yamepasuka. Binti aliambiwa achunguze sababu na aieleze mbele ya mkurugenzi siku ya Ijumaa. Akieleweka, mkataba. Asipoeleweka, akae nyumbani.

Alhamisi mchana, mama akifuta meza ya mkutano, binti aliingia akawasha projekta ajaribu.

"Hizi si zile ulizonionyesha nyumbani," mama alisema. "Zile zilikuwa tano. Nilizisoma nikiwa jikoni."

"Mkuu amezirekebisha. Anasema slaidi yenye nafasi tupu ni ya mvivu."

"Na ile namba kubwa iko wapi? Tisa kati ya kumi?"

Binti alinyoosha kidole. Kwenye kona ya chini, nyuma ya kishale cha zambarau, palikuwa na maandishi ya manjano juu ya nyeupe, madogo kama chawa. Habari yenyewe ilikuwa hapo: matangi tisa kati ya kumi yalipasukia kwenye malori ya kampuni, yakiwa yamekazwa kwa minyororo.

"Malori hayo yako chini ya nani?"

"Mama, usianze."

"Ya nani?"

"Ya idara yake! Sasa nifanyeje, nikamwambie hapana? Wewe kazi yako chai. Kesho naomba umimine, unyamaze."

Mama alikikamua kitambaa mpaka maji yakamwagikia viatu.

Ijumaa, dakika ya tano, mkono wa kwanza ulinyanyuka. Dakika ya kumi mikono ilikuwa saba. Binti alihangaika na vile vishale. Mkurugenzi, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alivua miwani, akaivaa tena.

"Binti, nimepotea. Matangi yanapasuka kwa sababu gani?"

Kabla hajajibu, Bwana Vishale alijisogeza kitini. "Mtuvumilie, mheshimiwa. Vijana wa siku hizi! Nilimwambia apunguze maneno, akaziba masikio. Ndiyo maana sioni sababu ya kumpa mkataba."

Chupa ilitua mezani kwa kishindo, vikombe vikarukaruka.

"Muongo!"

Chumba kizima kiligeuka nyuma.

"Hivyo vishale ni vyako," Mama Chupa alisema. "Tunavijua, kila mwezi vinatumalizia chai. Slaidi zake zilikuwa tano, na mimi wa darasa la saba nilizielewa. Mwambie mkurugenzi kwa nini ile namba umeisukumia kwenye kona, kama takataka chini ya zulia."

"Huyu mhudumu kapewa ruhusa na nani kusema hapa?"

"Nimemzaa huyo. Unataka ruhusa gani tena?"

Mkurugenzi hakumtazama yeyote kati yao. "Binti, unazo hizo tano?"

Binti alimkata mama yake jicho, kisha akazifungua. Ilitokea picha moja ya tangi, ufa wake ukifuata alama ya mnyororo. Iliyofuata: 9 kati ya 10, nyeusi juu ya nyeupe, ukuta mzima. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Malori yetu wenyewe," mkurugenzi alisema polepole, akamgeukia Bwana Vishale. "Na wewe ulikuwa unajua."

Jumatatu mkataba ulitoka. Siku hiyohiyo Mama Chupa alipewa barua ya onyo, kwa kumtukana mkuu mkutanoni, na kuhamishiwa ghalani. Karatasi zote mbili, mkataba na onyo, alizisaini mkurugenzi yuleyule.

"Umeridhika?" binti alimwuliza getini. Hata mfuko hakumpokea. "Ofisi nzima wananiita mtoto wa chai."

"Wakuite. Wanakuita ukiwa kitini."

Binti alivuka barabara akatembea upande wa pili peke yake, mpaka nyumbani.

Ghalani, Mama Chupa alikuta Bwana Vishale ameshabandika maagizo mapya ya kufunga matangi: aya nne, vishale saba. Madereva walisimama mbele ya maagizo hayo wakikuna vichwa. Mama aliyatazama kutoka mlangoni, asione hata neno moja, akaenda kujaza chupa ya pili.